Bustani sita, siku tatu: safari tuliyolazimika kuipanga mara mbili

Tuanze na aibu yetu. Sisi ambao kila wiki tunakuambia hapa usimtumie pesa mtu usiyemjua, Aprili tulimtumia mtu tusiyemjua shilingi 6,000. Tulikuwa wanne kwenye meza moja, simu nne mkononi, digrii nne ukutani nyumbani, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema, "Hebu ngojeni kwanza."

Pesa hizo zilikuwa malipo ya awali ya nyumba karibu na Ziwa Naivasha. Tulikuwa tumeiona kwenye ukurasa mmoja wa mtandao wa kijamii: veranda, nyasi zilizofyekwa vizuri, maua kila kona, bei nafuu ajabu. "Mwenye nyumba" alikuwa mcheshi. Alisema kuna familia nyingine inaitaka kwa tarehe zilezile, kwa hivyo tukituma nusu sasa hivi atatuwekea. Tulipoingiza nambari yake, jina lililotokea kwenye skrini halikuwa lake. Tukamuuliza. Akajibu ni laini ya mke wake, akatutumia picha ya kitambulisho ili tutulie. Tukatulia, tukatuma. Baada ya dakika kumi simu yake ilikuwa imezimwa, na imezimwa hadi leo.

Kilichotuuma zaidi ni mtu aliyekuwa akisubiri safari hiyo. Mama wa mmoja wetu ni mwalimu mstaafu kutoka Murang'a. Alifundisha darasa la sita miaka mingi na kila mwaka alikuwa akiwasimulia wanafunzi jinsi Wangari Maathai alivyoiokoa Uhuru Park. Ila yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga Uhuru Park. Akija Nairobi ni hospitali, harusi au matanga, kisha huyoo anarudi. Tulikuwa tumemuahidi siku tatu za kutembelea bustani za zamani tu, bila kikao cha familia hata kimoja. Alikuwa ameshafua raba zake. Tulipompigia kumwambia kilichotokea, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Si nyinyi ndio hufanya kazi kwa hiyo kampuni ya pesa?"

Hatukuwa na jibu. Kwa hivyo makala hii ni ya safari ya pili, ile ya Oktoba, ambayo ilifaulu. Tutakueleza bustani tulizoona na jinsi tulivyolipa, kwa sababu kusema kweli mambo haya mawili hayakuachana hata siku moja.

Kwanza pesa. Mara ya kwanza kila mtu alisema "nitatuma Ijumaa", Ijumaa ikafika, wawili wakatuma, na mmoja wetu akawalipia wengine kwa mkopo wa simu. Mkopo wa aina hiyo una ada inayohesabiwa siku baada ya siku, hivyo hata kabla hatujatapeliwa safari ilikuwa imeanza na deni. Mara ya pili tulifungua akiba ya kikundi ambayo kila mmoja anaona salio, tukaifunga isitolewe hadi tarehe tuliyokubaliana. Kila Ijumaa shilingi 600 kwa kila mtu, wiki kumi. Sisi wanne tukafikisha 24,000, na zilipaswa kututosha watu watano, maana Mwalimu alikuwa mgeni wetu.

Tuligawanya hivi kabla ya kutoa hata shilingi: 7,000 za vyumba viwili usiku mmoja Naivasha, 4,500 za nauli ya kwenda na kurudi huko, 3,000 za kuzunguka Nairobi kwa matatu na teksi, 5,000 za chakula, 2,500 za viingilio, na 2,000 ambazo hazikuwa na kazi. Hizo za mwisho ndizo muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Safari haikosi kitu: mtu ameumwa na tumbo, mvua imewakuta, raba imefunguka soli.

Kingine kilichotuokolea pesa ni kupanga bustani kwa ujirani. Mwanzoni tulikuwa na orodha ndefu hadi Kericho, na tungemaliza nusu ya bajeti barabarani. Tukapunguza: siku ya kwanza katikati ya jiji, ya pili City Park na Karen, ya tatu Naivasha. Tukachagua Oktoba kwa sababu mijakaranda ya Nairobi huwa imechanua, na kuanzia Alhamisi kwa sababu bustani za jiji hazijafurika kama wikendi.

Alhamisi saa mbili asubuhi tulikuwa Jeevanjee Gardens. Wengi wetu tunaijua kama njia ya mkato kutoka Moi Avenue, au pahali pa kungojea mtu. Mwalimu alitaka kujua Jeevanjee ni nani. Alibhai Mulla Jeevanjee alikuwa mfanyabiashara kutoka Karachi aliyefanya kandarasi za reli ya Uganda, akaanzisha gazeti ambalo leo ni The Standard, na mwaka 1906 akawapa wakazi wa Nairobi bustani hii. Mwaka 1991 ulitokea mpango wa kuijenga, kukiwa na maegesho ya magari ya ghorofa. Mjukuu wake, Zarina Patel, akaongoza watu kuupinga, na Wangari Maathai akaungana nao. Bustani ikabaki. Sanamu ya Malkia Victoria iliyowekwa hapo haikuwa na bahati hiyo: mwaka 2015 ilivunjwa kichwa.

Kuingia ni bure. Ushauri wetu wa Jeevanjee ni mmoja tu, na unahusu simu. Ukiwa katikati ya jiji, simu yako ndiyo pochi, kitambulisho na tikiti ya kurudi nyumbani. Usiitoe ukasimama ukipiga picha za wahubiri huku pesa zote za kikundi ziko ndani yake. Sisi tuliwapa watu wawili jukumu la kulipa, kila mmoja na sehemu yake, ili simu moja ikiibiwa au ikiishiwa chaji wengine wasikwame. Na mwone wakala wa kwanza unayemkuta kabla ya kuhitaji noti. Wapo mama wa chai ambao bado wanataka noti.

Kutoka hapo tulitembea polepole kwa Kenyatta Avenue hadi Uhuru Park.

Hatukujua Mwalimu angefanya nini. Tulidhani angepiga picha. Alisimama langoni, akaangalia chini ya mteremko, maji yakiwa kule, majengo ya jiji nyuma yake, akasema, "Nilikuwa nawaambia ni kubwa. Sikujua ni kubwa hivi." Bustani hii ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1989, serikali ilitaka kujenga humo jumba la ghorofa 60. Wangari akaandika barua, kwa wakubwa wa hapa na wa nje, akiuliza kama kuna anayeweza kujenga jumba kama hilo ndani ya Hyde Park. Alitukanwa hadi bungeni. Lakini wafadhili wa nje wakajiondoa na jumba halikujengwa. Mwaka 1992 akarudi kwenye kona ya bustani hii pamoja na kina mama waliokuwa wamegoma kula, wakidai watoto wao wafungwa wa kisiasa waachiliwe. Polisi waliwapiga. Kona hiyo ndiyo tunayoiita Freedom Corner. Mwaka 2004 Wangari alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata.

Mwalimu alitusimulia yote haya akiwa amesimama hapohapo, kwa sauti ya darasani, hadi vijana watatu waliokuwa wakila mahindi ya kuchoma wakasogea kusikiliza. Mmoja akamuuliza swali. Tulikaa saa mbili badala ya nusu saa, na ratiba yetu ikaharibika vizuri sana.

Kwa Arboretum tulichukua teksi kwa sababu ya magoti ya Mwalimu. Arboretum ilianzishwa mwaka 1907, na sababu yake si ya kimapenzi hata kidogo: gari moshi lilikuwa likila kuni. Misitu ya karibu ilikuwa ikiisha, hivyo wakoloni wakapanda miti ya kila aina kutoka nje waone ipi itakua haraka. Leo kuna zaidi ya aina 300 kwenye ekari 80 hivi, mingi ikiwa na vibao vya majina, na wanafunzi hujaa hapo wakisoma, au wakidai wanasoma.

Hapa kuna kiingilio kidogo, na ndipo tunapotaka usikilize. Arboretum iko chini ya Kenya Forest Service, na Makumbusho ya Karen Blixen yako chini ya National Museums of Kenya. Malipo ya serikali hupitia eCitizen, na paybill yake ni 222222. Bei hubadilika, kwa hivyo iangalie kabla hujatoka nyumbani, na ubebe kitambulisho maana raia wa Kenya huwa na bei yake. Ikitokea mtu popote akuambie "mtandao uko chini, nitumie kwa nambari yangu nitakulipia", mwambie asante, utangoja. Mtandao ukirudi utalipa. Sisi tulishafunzwa na shilingi 6,000.

Ijumaa tulianza na City Park, Parklands. Ukiuliza watu watakuambia ni bustani ya kima, na ni kweli: kima mmoja alimpokonya mwenzetu sambusa kabla hajaimeza kipande cha kwanza. Usifungue chakula. Lakini sisi tulienda kwa ajili ya makaburi mawili. Pio Gama Pinto, mpigania uhuru na mbunge, aliuawa kwa risasi Nairobi mnamo Februari 1965. Joseph Murumbi, rafiki yake, alikuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, akaacha kazi hiyo mwaka 1966, na maisha yake yaliyobaki akayatumia kukusanya sanaa za Afrika. Alipofariki mwaka 1990 alizikwa City Park, karibu na Pinto kama alivyotaka. Sasa kaburi lake na la mkewe Sheila yamezungukwa na bustani ya sanamu. Ni pahali penye utulivu, na ni ajabu jinsi wachache wanavyopajua. City Park nayo imeandamwa na wanyakuzi wa ardhi miaka nenda miaka rudi, na wakazi wamelazimika kuilinda mara kwa mara.

Mwalimu alitoa majani makavu juu ya kaburi la Murumbi kwa mkono, kama mtu anavyofanya kwao.

Mchana tukaenda Karen. Nyumba ilijengwa mwaka 1912, na Karen Blixen wa Denmark aliishi humo hadi 1931, shamba lake la kahawa liliposhindwa. Pahali hapo palikuwa juu mno kwa kahawa. Kitabu chake kuhusu miaka hiyo kilitoka mwaka 1937, filamu mwaka 1985, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1986. Bustani ni nzuri, hatutakudanganya: nyasi pana, miti mikubwa, na Milima ya Ngong imejipanga kule mbele. Watu wengi huishia kupiga picha barazani.

Kuna mashine kuukuu ya kahawa kwenye hiyo bustani. Mwalimu alisimama hapo muda mrefu kuliko kwenye ua lolote. Mamake alichuma kahawa ya wazungu akiwa msichana, akilipwa kwa debe, na yeye mwenyewe alilipiwa karo kwa kahawa ya shamba lao dogo. Alipapasa chuma, akatuuliza kama tunajua debe moja ni matunda mangapi. Hatukujua. "Basi siku moja mtachuma," akasema, akaenda kutafuta kivuli. Tunapapendekeza hapo Karen, lakini nenda na mtu anayeweza kukusimulia upande ambao haumo kwenye filamu.

Jioni hiyo tulishawishika kuelekea Naivasha mara moja. Tukakataa. Ijumaa jioni nauli hupanda na foleni ya kutoka Nairobi unaijua. Tukalala Nairobi bure, tukaondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi.

Vyumba vya Naivasha tulikuwa tumevilipia wiki tatu kabla, na hivi ndivyo tulivyofanya safari hii. Tulimuuliza mtu tunayemfahamu aliyewahi kulala hapo. Tukapiga simu, tukaongea na mtu wa mapokezi, tukaomba nambari ya till ya biashara na si ya mtu. Tulipoiingiza, kabla ya kuweka PIN, tukasoma jina lililotokea: lilikuwa jina la nyumba ya wageni, herufi kwa herufi. Hata hivyo tukalipa 2,000 tu kwanza, tukangoja watutumie risiti, kisha zilizobaki tukazilipa tulipofika na kuona vitanda kwa macho. Ujumbe wa malipo tuliuhifadhi. Mtu anayekataa mpango kama huu, anayetaka zote sasa hivi na kwa laini ya mkewe, umeshamjua.

Na kama umeshatuma? Usikae ukimpigia mwizi simu kama tulivyofanya sisi dakika arobaini nzima. Piga huduma kwa wateja wakati huohuo. Pesa ikiwa bado iko kwenye akaunti ya aliyepokea, kuna nafasi ya kuizuia. Ikishatolewa kwa wakala, sisi wa kampuni hatuna uchawi wa kuirudisha. Kisha peleka ripoti polisi ukiwa na msimbo wa muamala na mazungumzo yote. Usiyafute kwa hasira. Zetu zilitolewa dakika chache tu baada ya kufika.

Elsamere iko kwenye Moi South Lake Road, na matatu kutoka Naivasha mjini hukushusha karibu na lango. Ilikuwa nyumba ya Joy na George Adamson, wale wa simba Elsa. Watu wanamkumbuka Joy kwa simba, ila kabla ya simba alikuwa mchoraji wa maua. Michoro yake ya mimea ya Kenya ilimpatia medali ya dhahabu ya chama cha kilimo cha bustani cha Uingereza mwaka 1947, na pia alichora mamia ya picha za watu wa jamii za Kenya. Siku hizi hapo ni kituo cha uhifadhi na makumbusho. Migunga ya magome ya manjano inashuka hadi ziwani, mbega wanaruka juu yake na mikia yao myeupe, na alasiri chai huandaliwa kwenye nyasi. Piga simu mapema ujue kama kuna nafasi.

Hapo ndipo palipotokea kisa chetu kidogo cha safari, na hakikuwa Elsamere bali kwenye hoteli ya chakula cha mchana mjini. Tulilipa, ujumbe haukuja, mhudumu akasema hajaona kitu, tukalipa tena. Jumbe mbili zikaingia kwa pamoja. Mwenye hoteli alikuwa muungwana, akaturudishia. Lakini tulipaswa kuangalia salio au taarifa ya akaunti kabla ya kulipa mara ya pili. Dakika mbili za kungoja zingetosha.

Mwalimu alikunywa vikombe vitatu vya chai pale nyasini. Hakusema mengi. Giza lilipokaribia tukaambiwa tusikae karibu na maji kwa sababu viboko hupanda kula nyasi usiku, na yeye akauliza kama hawaharibu maua. Jumapili asubuhi tuliondoka mapema, kabla nauli ya jioni haijapanda, na saa sita mchana tulikuwa tumemshusha stendi ya magari ya Murang'a.

Kwenye zile 2,000 zisizo na kazi zilibaki 1,350. Zilizotumika zilinunua dawa ya kichwa na mwavuli, maana mvua ya Oktoba ilitukuta Karen. Tulitaka kumpa Mwalimu zilizobaki za nauli. Akakataa, akasema tuziache palepale kwenye akiba ya kikundi, kisha akauliza ile bustani ya miti ya Kericho tuliyoiondoa kwenye orodha iko umbali gani. Wiki iliyofuata, Ijumaa, mchango wa tano uliingia kwenye akiba: shilingi 600, kutoka kwa nambari yake.